Jini atokee sini ya ngapi?

"Nimeandika filamu ya kutisha. Mchoraji wa mtaani, picha zake haziuziki, anapanga chumba kwenye nyumba kuukuu ya Ngamiani, Tanga. Usiku wa kwanza anaota mtu anamshika mkono na kumchorea. Akiamka anakuta picha ukutani, nzuri kuliko zote alizowahi kuchora, na inauzwa siku hiyo hiyo. Kisha kila anayechorwa anakufa. Nina shilingi milioni sita, kamera ya kuazima na waigizaji wanne wanaojitolea. Wenzangu wanasema filamu ya jini bila jini lenye macho mekundu na kwato ni uongo, kwa hiyo milioni mbili ziende kwa kijana wa kompyuta atakayelitengeneza. Mwingine anasema nimtoe jini kabisa, mchoraji awe mgonjwa wa akili. Mama naye hataki nipigie picha hizo nyumbani kwetu, anasema jini akiitwa hufika. Nimsikilize nani? Na jini atokee sini ya ngapi?"

Mdogo wangu, pole kwa kuvutwa huku na huku. Wenzako wanabishana kuhusu sura ya jini, mama anailinda nyumba yake, na katikati yao umesimama wewe na milioni sita ambazo zikipotea hazirudi. Nimekisoma kisa chako mara mbili. Kilichonishika ni ile picha kuuzwa siku hiyo hiyo. Filamu yako iko hapo, nawe umepapita kwa sentensi moja ukakimbilia maiti.

Kisa cha msanii aliyefulia anayepewa kipaji kisicho chake ni cha siku nyingi. Nikolai Gogol wa Urusi alikichapisha mwaka 1835. Mchoraji wake, Chartkov, kodi imemshinda. Ananunua kwa visenti picha ya mzee mwenye macho ya kutisha, anakuta dhahabu imefichwa kwenye fremu, anahamia nyumba nzuri na kugeuka mchoraji wa wakubwa. Miaka inapita. Siku moja anaiona kazi ya mwenzake wa zamani, aliyekubali kukaa na njaa ili ajifunze. Anarudi nyumbani, anashika brashi achore kama alivyokuwa akichora zamani, mkono hautii. Tangu hapo anatumia utajiri wake kununua picha bora za wengine na kuzichana. Katika kisa hicho chote ule mkono usiotii ndio unaonikosesha usingizi, na Gogol hakuhitaji kwato.

Sababu ni kwamba filamu za namna hii humtisha mtazamaji kwa kumshirikisha tamaa. Ukimwonyesha kwanza mchoraji anayerudi jioni na picha zote alizotoka nazo asubuhi, mwenye nyumba kakaa barazani anamsubiri, mtazamaji ataanza kumwombea riziki. Picha ya kwanza ikiuzwa atafurahi. Hapo umemnasa, kwa sababu mtu wa kwanza akifa, mtazamaji atajikuta bado anataka mchoraji alale tena. Anajionea aibu, na hofu inaingilia kwenye aibu hiyo. Jini akija na macho mekundu kabla ya hapo, mtazamaji anahama upande: anakaa na wanaokimbia, hana deni na mtu, anasubiri tu kuona nani atakamatwa.

Tazama mwongozaji Roger Corman alivyofanya Marekani mwaka 1959 katika filamu ya A Bucket of Blood. Dola elfu 50, siku tano za kupiga picha, nyeusi na nyeupe. Walter Paisley anaokota vyombo kwenye mkahawa wa washairi na wachoraji, wote wanamdharau. Anamuua paka kwa bahati mbaya, anamfunika kwa udongo wa kufinyangia kuficha kosa, na kesho yake wajuzi wa sanaa wanamsifu kuwa mchongaji mkubwa. Wanataka kazi nyingine. Unajua yatakayofuata. Hakuna jini wala uchawi humo, sifa peke yake zinafanya kazi ya shetani. Maeneo ni machache, mkahawa na chumba chake cha kupanga ndivyo vinavyobeba uzito, na ndiyo sababu siku tano zilitosha.

Kwa upande wa jini mwenyewe, itafute The Devil's Candy ya Sean Byrne, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2015. Mchoraji anahamia na mke na binti yake kwenye nyumba ya Texas iliyouzwa rahisi kwa sababu watu walikufa humo. Kabla ya hapo alikuwa akichora vipepeo kwa ajili ya benki, kazi ya kulipia bili. Sasa anasikia sauti nzito, anapotelewa na saa nzima, akizinduka picha imejichora mikononi mwake. Yule mwenye sauti humwoni. Unamwona jamaa mwingine anayesikia sauti hiyo hiyo akipiga gitaa la umeme usiku kwa nguvu zake zote ili asiisikie. Kuna sini moja isiyo na gharama yoyote kubwa: mchoraji amezama kwenye kazi, na binti yake yuko shuleni anasubiri kuchukuliwa, wenzake wote wameshaondoka. Kuipiga sini kama hiyo kunataka mtoto, geti na jua la jioni. Mzazi yeyote ataikumbuka.

Kwa hiyo kwa wenzako jibu langu ni hapana, ila si wajinga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwongozaji wa kwetu Mussa Banzi alipotoa filamu ya Nsyuka na baadaye Shumileta, viumbe walionekana waziwazi, kwa mavazi na ujanja wa kwenye kuhariri, na watu walizipenda kwelikweli. Lakini mtazamaji wako wa leo ana simu yenye filamu za mabilioni. Jini wa milioni mbili atapimwa kwa kipimo hicho sekunde ile ile atakapotokea, na ukumbi ukicheka mara moja, huwezi kuurudisha. Kitu kisichoonekana hakina cha kupimiwa.

Na huyo anayetaka mchoraji awe mgonjwa wa akili tu? Nakubali ana hoja: ni rahisi kutengeneza, na baadhi ya waamuzi wa matamasha hupenda filamu ya namna hiyo. Mimi siipendi. Imeshazoeleka, halafu inawabebesha wagonjwa wa mitaani kwetu lawama ya kuua watu, na mzigo walio nao unatosha. Acha milango yote miwili wazi kadiri uwezavyo. Ndoto yako tayari inakupa nafasi. Karibu kila mtu ukumbini ama amewahi kupatwa na jinamizi, ama ana ndugu aliyepatwa: unaamka, macho yanaona chumba, mwili haukunjuki, kifua kizito, na una hakika kuna mtu pembeni ya kitanda. Madaktari wanalieleza vizuri. Tukiwa ndotoni ubongo huifunga misuli ili tusitende tunayoyaota. Mara chache akili huamka kabla kufuli hilo halijafunguliwa, na ndoto huendelea juu ya chumba halisi. Wako waliotumia maelezo hayo hata kwa hofu ya Popobawa, kiumbe aliyesemwa kuwavamia watu usiku vitandani, iliyotikisa Pemba na Unguja mwaka 1995, na wako waliolala nje na familia zao wasitake kuyasikia. Chora usiku wa kwanza hivyo hivyo, jinamizi lisilo na nyongeza. Anayeamini majini ataona jini, anayeamini hospitali ataona usingizi, na wote wawili watakuwa wanaogopa.

Sasa kasoro kubwa ya skripti, ambayo hukuniuliza. "Kila anayechorwa anakufa" ni hesabu. Baada ya kifo cha pili mtazamaji ameshajua, anabaki kuhesabu vichwa. Punguza ziwe picha tatu. Ya kwanza anachora bila kujua. Ya pili ana shaka, lakini kodi imefika. Ya tatu anajua kabisa. Na hiyo ya tatu asiitake yeye: iagizwe. Yule tajiri aliyenunua mbili za mwanzo, mtu mwema, mcheshi, anayelipa papo hapo, anakuja na picha ya binti yake kwenye simu. Anataka achorwe kwa ajili ya siku yake ya kuzaliwa. Anaacha pesa mezani. Jini wako huja usingizini tu, sivyo? Basi theluthi ya mwisho ya filamu ni mtu anayepigana na usingizi. Kahawa chungu ya barabarani, maji usoni, kutembea Ngamiani saa tisa usiku, kujikalisha kwenye kigoda kisicho na mgongo. Huhitaji damu wala kompyuta, na ukumbi mzima utakuwa unamwombea asisinzie.

Mfanye tajiri huyo mwema kweli, usimpe cheko la kishetani. Historia ya sanaa yetu ina watu wa namna hiyo. Mitindo ya mashetani ya Wamakonde ilianza Dar es Salaam miaka ya 1950. Inasimuliwa kuwa Samaki Likankoa alivunjikiwa na sanamu ya mtu aliyokuwa akiichonga, akaimalizia kama shetani, na mfanyabiashara Mohamed Peera akaipenda, akamhimiza achonge nyingine. Wengine wakafuata, na mashetani yakawa mkate wa watu wengi. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, alifika mbali duniani kwa mashetani yake yenye masikio makubwa, ambayo kusema kweli yanachekesha kuliko kutisha. Hakuna ubaya wowote hapo. Nakwambia ili ujue kwamba msanii wa kwetu kusikia "hicho ndicho tunachotaka, leta kingine" kuhusu kitu kilichomjia kutoka asikokujua ni jambo lililowahi kutokea, na si lazima ukope nyumba ya kutisha ya Texas.

Hii inanileta kwenye pesa. Jini wako ni zile picha tatu. Zikiwa mbaya, kila mhusika anayezisifu ataonekana mwongo. Mtafute mchoraji wa kweli, mlipe, mpe muda. Kama ni wa mtindo wa Tingatinga, rangi yake ya kung'aa juu ya mbao laini itapendeza sana mbele ya kandili, mradi taa iwe pembeni, chini kidogo, ili mistari ya brashi ionekane bila kumulika lenzi. Rangi hiyo inachelewa kukauka, nawe hutapiga sini kwa mfuatano. Kwa hiyo mwombe kila picha aichore kwenye mbao tofauti kwa hatua tatu: imeanza, iko nusu, imekwisha. Zile za mwanzo, kabla ya jinamizi, ziwe nzuri kiasi lakini zimepoa, za mtu anayeiga wanaouza. Hilo ni gumu kuliko unavyodhani. Wachoraji wazuri hawapendi kuambiwa wachore vibaya.

Zitakazobaki, baada ya nauli na chakula cha kambi, ziende kwenye sauti. Utaambiwa uweke mngurumo wa chini usiosikika ili watu waogope bila kujua kwa nini. Chanzo cha habari hiyo ni Vic Tandy, mhandisi wa Coventry, Uingereza, aliyeandika mwaka 1998 kwamba mzuka wa kwenye maabara aliyofanyia kazi ulitokana na feni iliyotoa mtikisiko wa karibu hezi 19. Kisa kitamu, lakini wengi watakutazama kwenye simu, na spika ya simu haiwezi kutoa kitu cha chini hivyo. Tumia sauti ya katikati: brashi inavyokwaruza mbao. Irekodi maiki ikiwa karibu kabisa, chumba kikiwa kimya, feni na friji zimezimwa. Tuisikie kwanza mchoraji akichora mchana, jambo la kawaida. Halafu usiku wa jinamizi. Baadaye tuisikie yeye akiwa jikoni anachemsha maji, na chumba cha kuchorea kina kufuli. Gharama yake ni kodi ya maiki.

Kuhusu kamera, kwa haraka: piga fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na ukiweka vingine taa zitakuchezacheza kwenye picha. Usipandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, kufidia giza, sogeza taa ndogo karibu na uso. Damu, kama utaitaka kidogo, ni shira, rangi nyekundu ya chakula na unga wa kakao. Jaribu kwanza kwenye kitambaa usichokihitaji.

Nikupe na upande usiopendeza. Utasikia habari za Paranormal Activity, iliyopigwa nyumbani kwa mwongozaji wake kwa takriban dola elfu 15 na kuingiza karibu dola milioni 193. Ni kweli. Zilizopigwa kwa pesa kama hizo na zikaishia kwenye diski ya mtu kabatini hazina wa kuzisimulia. Waigizaji wanne wa kujitolea watakuwa nawe wiki ya kwanza; ya pili mmoja atapata kibarua, na ana haki. Ningekuwa na milioni sita zako ningepiga kwanza dakika 20: kodi, jinamizi, kuuzwa kwa picha, kifo cha kwanza, na mchoraji anayelala tena huku tunajua anachotaka. Hasara yake ni kwamba filamu fupi haina mnunuzi wa maana hapa nyumbani. Faida ni kwamba matamasha huipokea, pamoja na ZIFF ya Zanzibar, na mwenye pesa akiiona atajua unaweza. Ukiamua kupiga ndefu, sitakulaumu, ila usiguse milioni moja ya mwisho hadi uhariri umekwisha.

Jini atokee sini ya ngapi, basi? Mkono wake uonekane sini ya ndoto ya kwanza, karibu dakika ya kumi, sekunde chache, ukiwa juu ya mkono wa mchoraji. Mkono wa mtu wa kawaida, msafi, kucha zimekatwa vizuri. Baada ya hapo sauti ya brashi peke yake. Sura yake usiipige kamwe. Ukishindwa kabisa kujizuia, mpe yule mchoraji uliyemlipa aichore.

Kuhusu mama, sitabishana naye, na wewe usibishane. Nyumba ni yake. Tafuta nyingine, na usilichukulie neno lake kama kikwazo tu, maana watazamaji wengi wa pwani wanafikiri kama yeye, na baadhi ya watakaofanya kazi nawe wana pepo katika ukoo au wamewahi kuchezewa ngoma. Waulize kabla, faraghani. Usitumie aya za Kurani kama mapambo ya kutisha, wala kombe, wala maneno ya kweli ya mganga. Jini wako hasemi, anachora, kwa hiyo huhitaji maneno hayo. Ukihitaji minong'ono, tunga isiyo ya lugha yoyote. Msomee mama sini hizo. Pengine atakuambia kitu kuhusu nyumba za zamani ambacho hukukijua.

Yapo mambo ya kufuata watu ana kwa ana. Kibali cha Bodi ya Filamu kitafute kabla hujapiga shoti ya kwanza, na filamu ipitishwe kwao kabla ya kuonyeshwa. Serikali ya mtaa na majirani waambiwe tarehe na saa, vinginevyo ukelele wa saa nane usiku utakuletea sungusungu wenye marungu. Mkataba na mchoraji ausome mtu wa sheria au uulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki: mbao zile baada ya filamu ni za nani, na je, unaruhusiwa kuzitumia kwenye bango? Fundi umeme akague nyaya za nyumba kuukuu kabla hujaning'iniza taa. Tina ya rangi na mishumaa visikae chumba kimoja kilichofungwa, hata kwa shoti ya dakika moja.

Na usimkesheshe mwigizaji wako kweli ili aonekane amechoka. Kukosa usingizi siku kadhaa kunaweza kumfanya mtu mzima wa afya aanze kuona na kusikia visivyokuwepo. Akianza kukwambia anasikia kitu baada ya kamera kuzimwa, halali, au anaogopa kurudi kwake, simamisha kazi siku hiyo, mjulishe mtu wa familia yake, na mpelekeni hospitali ya Bombo akaonwe na daktari. Kama familia itataka pia kumpeleka kwa shehe au mchungaji wao, ni sawa, ila daktari asirukwe. Hayo ni kwako pia. Anayeandika, kuongoza na kulipa peke yake ndiye huwa wa mwisho kwenda kulala.